Dede

Muuguzi alishika saa mkononi.
"Inua mguu mmoja, Bi Jeom-rye. Fumba macho."
Nikahesabu moja, mbili, tatu,
ukuta ukaja kunidaka.
Akaandika. Sikuuliza aliandika nini.

Miaka thelathini kiwandani Pohang
nilipasua ngisi ndani ya buti za mpira;
miguu yangu sikuijua ila kwa harufu.
Kisha majira ya baridi, sakafu ya bafu,
nyonga, na dari niliyoitazama
hadi Mak-sun wa ghorofa ya tisa alipobisha hodi.

Ni yeye aliyenivuta kilimani,
nyuma ya maghorofa yetu,
kwenye njia ya udongo mwekundu inayomwagiwa maji alfajiri.
Viatu vimepangwa ubaoni kama mlangoni mwa hekalu.
Wanawake kumi na wawili, suruali zimekunjwa hadi magotini,
wanachekana vidole vilivyopinda.
Vyangu nilivificha. Nani ataka kuanika
kucha zilizokufa zamani?

Hatua ya kwanza, baridi ikanipanda hadi menoni.
Ya pili, tope likapenya kati ya vidole,
nikateleza, nikamkamata Mak-sun sikio.
"Niachie sikio langu," alisema. "Shika ardhi."

Ardhi hushikwaje?

Kwa kidole gumba, kumbe. Kwa kisigino.
Kwa ule upinde wa wayo uliolala usingizi wa pono
tangu nilipovalishwa kiatu cha kwanza.

Nikageuka kuzitazama nyayo zangu.
Wa kulia ulizama; wa kushoto uligusa tu,
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
Vidole viwili havikuandika kitu.

Maua ya cheri yakapukutika, mvua za Julai zikaja.
Siku nyingine sikwenda, goti liligoma.
Siku nyingine nilikaa kitako topeni bila kukusudia,
wakacheka, nikacheka,
wakanivuta kama muhogo.

Muuguzi amepima tena: sekunde kumi na moja.
Akatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyesimama.
Sikumwambia habari yenyewe:
kwamba leo asubuhi, katikati ya chumba,
mbali na ukuta, mbali na kiti,
nilivaa soksi
mguu mmoja hewani,
dede,
dede,
kama mtoto asiye na wa kumpigia makofi.
Soksi ilipoingia
nikajipigia mwenyewe.