Kwa Anayerithi Pikipiki Yangu

Breki nimekaza, Turyasingura. Mnyororo una mafuta.
Lililobaki ni hili:

usijibanze ukingoni mwa lami
kama mtu aliyefika harusini bila kualikwa.
Ukingoni kuna mchanga, mashimo, mbuzi wa watu;
na dereva akikuona umejikunja huko
atadhani barabara yote ni yake.
Shika mkondo wa tairi la kulia. Jaa humo.

Lori la viazi likiwa mbele,
tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake.
Huuoni? Basi wewe hupo.
Rudi nyuma mpaka uwepo.

Asubuhi Kabale ukungu hunywa rangi zote,
koti lako jeusi kwanza.
Vaa hiki kizibao cha manjano. Stendi wamekicheka,
miaka tisa wananiita Ndizi Mbivu.
Naitika. Anayeitwa ameonekana.

Taa iwake hata mchana.

Na ile kona ya kushoto, ukishapita Hamurwa,
usiilalie mapema:
sogea kulia kidogo, mstari usiuvuke,
ione kwanza inaficha nini.
Mimi siku ile niliilalia.

Huu mguu usiuangalie sana.
Angalia mbele.