Hiki, Huyu

Kompresa niliitoa kwenye friji ya Mama Ntakwinja
iliyokufa mwaka ule wa mvua nyingi, Kadutu.
Nilimpa dola sita, nikamtengenezea na redio.
Sasa inanguruma chini ya meza yangu kama paka aliyeshiba,
na pumzi iliyogandisha sambaza
inapita kwenye mpira mwembamba, inaingia kalamu ya hewa,
inatoka imebeba jangwa la Libya.

Rangi isiwe mashanza. Iwe maziwa,
maziwa ya muuzaji asiyemwogopa Mungu,
nusu maji.
Ukibonyeza ni hewa. Ukivuta nyuma ni rangi.
Ukivuta kabla ya kubonyeza, inatema.
Ndiyo maana najaribia kwanza kwenye ukucha wa gumba.
Jumapili nilipokea komunyo na ukucha wa rangi ya mchanga,
padri akautazama, hakuuliza.

Vyenyewe ni vidogo, kimoja kinalala ndani ya kiberiti.
Vilitoka Liège katika soksi za shemeji,
kumi na viwili, vya kijivu, vinanuka sabuni.
Ni mali ya Mwalimu Bisimwa.
Kila Jumamosi ya pili anatandika blanketi mezani,
anasukumia vitabu chini yake viwe vilima,
na anapigana vita vya mwaka arobaini na mbili
na Cirimwami, mshona viatu,
kwa dadu mbili na utepe wa fundi nguo.
Anayeshindwa ananunua chai.

Tuligombana kuhusu vumbi.
Nilikuwa nimeanika udongo wa mteremko wetu,
nikauchekecha kwa soksi ileile ya shemeji,
nikaupuliza kwenye minyororo.
"Libya hakuna udongo mwekundu, fundi."
Nikamwambia: chochote kinachopita hapa
kinaondoka na rangi ya hapa.
Alivua miwani. Akaivaa tena. Akakichukua.

Jana umeme ulirudi saa tatu usiku.
Nshobole, miaka sita, amepanda juu ya kreti ya bia,
kidevu kwenye ukingo wa meza.
"Baba, huyu anaitwa nani?"
Hiki, namwambia. Hiki kinaitwa kifaru.
"Kifaru si yule wa kitabu cha shule?"
Wa kitabu ni wa nyama. Huyo ni huyu. Cha chuma ni hiki.
"Pembe yake si hii?"
Huo ni mzinga.
"Wa nyama anakula majani. Hiki kinakula nini?"

Nikabonyeza. Nikavuta.
Wingu dogo likashuka begani mwa chuma, likakauka.

"Baba, wewe umeshamwona?"
Yupi?
"Kifaru."

Mwenye pembe sijamwona hata siku moja;
wanasema huko Garamba walikwisha kabla yeye hajazaliwa.
Kile kingine nilikiona. Nilikuwa na umri wake.
Kilishuka barabarani asubuhi, polepole,
kikapondaponda ukingo wa mtaro,
na mama akanigeuza, akanizika uso katika kitenge chake.
Mimi ninayechanganya kijani cha aina tisa
sijui kilikuwa rangi gani.
Kitenge nakijua: samaki wa manjano, macho meusi,
mmoja alichanika kwenye pindo.

"Baba?"
Sijamwona, mwanangu.

Hapo umeme ukakatika, kompresa ikakohoa mara moja.
Sindano inataka kuoshwa kabla rangi haijaganda.
Nshobole akanishikia simu, mwanga ukitetemeka ukutani,
na kivuli cha kile kidude kikajaa chumba kizima,
kikafika dari.
Hakuogopa. Alishuka, akaenda jikoni gizani,
akarudi na jani moja la sombe
akaliweka mbele ya mzinga.

Leo asubuhi nimepeleka kazi ya Mwalimu.
Akahesabu, akahesabu tena kwa kidole.
Kumi na kimoja, nikasema, nikiangalia viatu vyangu.
Wa kumi na mbili
hajashiba.