Mara Mbili na Nusu

Hiyo irudishe kabatini, Tarmo.
Najua ni nzuri. Najua kioo chake kimesuguliwa
hadi mtu anaweza kuhesabu mashimo ya mwezi.
Mimi siwindi mwezi.

Nawinda nyuma ya mashamba ya viazi, huku Rõuge,
kwenye misonobari iliyobanana
kama foleni ya mkate enzi za mama mkwe,
na mbali kabisa ninakoweza kupiga
ni ng'ambo ya mtaro: hatua sitini,
sitini na tano nikivaa buti za mume wangu.

Wala usinisifie pete ya kuzungusha.
Pete hiyo ninayo. Mwaka jana, alfajiri,
niliizungusha hadi kumi na mbili
nitazame kitu cheusi mwisho wa shamba la Endel
(kilikuwa pipa),
kisha nikasahau kuirudisha.

Saa tano mbwa wakalia bondeni.
Matawi yakavunjika kushoto kwangu,
karibu, karibu mno.
Kitako begani, jicho kwenye darubini,
na dunia nzima ikawa manyoya.

Manyoya, Tarmo.
Hayana kichwa, hayana mguu,
meusi, yamelowa, yanapita
kama pazia linalovutwa na mtu usiyemwona.
Na wahenga walisema macho hayana pazia!
Kidole kilikuwa pale kinapokaa siku zote.
Kidole hakijui kuuliza,
kimeahidiwa nguruwe tangu Septemba.

Sijui nilisubiri nini.
Sikio, labda. Au pumzi yangu inirudie.
Manyoya yakaisha, ikabaki theluji,
nikainua kichwa
na kwa macho haya ya bure niliyozaliwa nayo
nikamwona Muri, mbwa wa Endel,
mkanda wa rangi ya chungwa shingoni, ulimi nje,
ananusa kisiki baada ya kisiki
kama karani anayegonga mihuri.

Jioni tulikunywa supu ya kabichi kwa Endel.
Muri akaja kulala juu ya nyayo zangu.
Sikuziondoa mpaka zikafa ganzi.
Hakuna niliyemwambia. Nakwambia wewe
kwa kuwa unataka kuniuzia.

Nipe ile ya rafu ya chini, iliyolala na kamba za viatu.
Ile, ndiyo. Bomba lililonyooka, halina kitambi.
Mara mbili na nusu, basi: haipandi, haishuki,
haina betri ya kuzimika kwenye baridi,
haina cha kusahaulika.
Na jicho linakaa mbali nayo, upana wa kiganja;
bunduki ya mama mkwe hupiga teke kama farasi
na nyusi zangu bado nazihitaji.

Ina mkwaruzo, naona.
Na mtu amechonga herufi mbili ubavuni, H na L.
Kama amekufa, Mungu amrehemu.
Kama aliiuza ili anunue yenye pete,
amrehemu zaidi.

Ngoja niijaribu dirishani.

Yule pale mwanamke na kabichi mbili.
Namwona mzima, kilemba hadi viatu.
Namwona na mtoto aliye nyuma yake,
kamba ya kiatu inaburuzika,
na gari lililosimama wavuke,
na dereva anayepiga miayo.
Wote wameingia, na nafasi imebaki.

Saa ya kanisani, hapana. Ile siisomi.
Naona uso mweupe tu, na kitu kama unywele.
Hilo nakubali, usitabasamu hivyo.

Andika risiti.
Na uniambie wewe: saa ngapi sasa?