Lala Mpaka Kengele

Mashine ilikaa chumba cha nyuma, stesheni ya Tabora,
pana kama kabati la bibi harusi,
na feni mbili: moja yake, moja yetu.
Yetu ndiyo iliyokufa kwanza.
Nyaya nane zilitoka kwake zikatoboa ukuta
kwenda kwa Ruhwanya wa mishahara, kwa Nkamba wa mabehewa,
kwa watu wa mizigo, na mmoja kwa bosi,
ambaye juu ya skrini yake aliweka chupa ya asali.

Skrini nane, akili moja.
Kila mtu alidhani anayo peke yake,
maana ilimpa kipande cha sekunde,
ikamwacha katikati ya neno, ikaenda kwa mwenzake,
ikarudi kabla hajapepesa.
Hiyo ni siku ikiwa nzima.
Mwisho wa mwezi unabonyeza A,
unakwenda msalani, unarudi,
unaikuta A ndiyo kwanza inachungulia.
"Kalunde, limekufa tena hilo lako!"

Kitabu chake kililiwa na mchwa kuanzia sura ya tatu.
Basi nikachapa kumbukumbu yote, karatasi ndefu hadi mlangoni,
nikakaa sakafuni na penseli
nikihesabu kama inavyohesabu yenyewe:
tano, sita, saba, kumi.
Nane haijazaliwa katika nchi ile.

Usiku huo treni ya Mpanda ilichelewa.
Kijana mmoja, jogoo kikapuni,
hakuisha kwenda dirishani. Imefika?
Bado.
Imefika?
Bado.
Karani akaacha kukata tiketi; kazi yake ikawa bado.
Wengine walijinyoosha juu ya mabunda yao, wakakoroma.
Kengele ilipogongwa waliamka,
na sikuona aliyeachwa.

Nikarudi sakafuni, nikamkuta.
Mistari mitatu, karibu na anwani ya printa:
Uko tayari? Kama bado, rudi juu.
Uko tayari? Kama bado, rudi juu.
Mara elfu na elfu kwa kila herufi
ya jina la kila fundi wa reli,
na watu saba wamesimama nyuma yake wakishika foleni.
Kijana na jogoo wake, ndani ya chuma.

Niliandika amri kumi na moja
(kwa hesabu yake, kumi na tatu),
tarakimu tupu, bila neno hata moja la kibinadamu.
Weka kando ulivyovikuta. Chukua herufi. Itume.
Rudisha ulivyovikuta, kila kimoja mahali pake,
asijue mwenyewe kwamba uliingia.
Na pale palipokuwa na kuuliza:
lala. Utagongewa.

Ijumaa mishahara ilitoka saa nne asubuhi.
Ruhwanya akasema, leo umeme una nguvu.
Nikasema, ndiyo.

Mashine iliondoka na behewa la vyuma chakavu;
saini ya kuitoa ni yangu.
Karatasi ninayo, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu.
Amri kumi naweza kukueleza hata usingizini.
Ya saba inasema: usifanye kitu.
Siku moja niliiondoa, kwa usafi tu,
printa ikameza herufi za mwisho,
watu wakalipwa kwa nusu ya majina ya baba zao.
Nikairudisha.
Mpaka leo sijui ilikuwa inampisha nani.