Deraya ya Karatasi

Iweke hapa, Shiqi, karibu na taa.
Usiitupe kama mzoga. Imekuvusha,
na kilichokuvusha hakitupwi
hata kikiwa kimelowa, kinanuka gundi na jasho la nyumbu.

Wenye cheo wana magamba ya chuma,
elfu moja na mia nane, yameshonwa kwa kamba za ngozi;
wakitembea hulia kama sufuria kwenye gari la ng'ombe.
Wapanda farasi wana hariri chini ya joho:
mshale ukizama, hariri huzama nao, haikatiki,
kisha tabibu huivuta taratibu
kama atoaye mwiba kwa mtoto aliyelala.
Wa mstari wa mbele wana ngao za henzirani.
Ninyi wa ngome ya Baishi, wachimba handaki,
ninyi mlioitwa kwa namba kwa kuwa majina yaliwachosha wazazi,
mna mimi.

Mimi na pipa la gundi,
mimi na msharasi wa marehemu mume wangu
na magunia ya karatasi kuukuu kutoka ofisi ya wilaya,
karatasi ya magome ya mforsadi, ngumu kama moyo wa karani.
Naikunja, naiponda kwa nyundo ya mti, naikunja tena
hadi ifike unene wa vidole vitatu.
Mwaka ule mlinicheka: Mjane Yin anatuvisha barua!
Hamkujua kwamba mvua ikinyesha
chuma hushika kutu, na hii hushikana.

Haya, tuifungue.

Ya kwanza: ushuru wa chumvi. Haukuzuia kitu.
Ya tano: kesi ya bata bukini aliyeibwa,
shahidi mmoja, kiziwi, hukumu imeahirishwa.
Ya kumi na moja: mtoto anajifunza kuandika neno mlima,
mlima, mlima, mlima,
safu nzima, na mmoja umetobolewa kileleni.
Ya ishirini na mbili: mke anamwuliza mumewe
kama huko aliko kuna baridi,
na kama zile soksi zilimfikia.
Hapa nakaa kidogo. Unanitazama. Sisemi.
Ya thelathini, tundu limekuwa jicho la kuku.
Ya thelathini na saba, chembe chenyewe, kimepinda ncha,
kimelala humo kama jino la mtu mwingine.

Kilikuwa kinatafuta chembe cha moyo.
Kilibakiza karatasi nne.

"Kilipokomea," unauliza, "pameandikwa nini?"
Hujui kusoma, nami najua, na wote wawili twajua hilo.
Ningeweza kukudanganya. Wenzako nimewadanganya:
mmoja nilimwambia ni sala,
mwingine nikamwambia ni jina la mama yake,
akaondoka akitembea kama aliyepakwa mafuta,
na majira ya kuchipua hakurudi.
Lakini wewe ulinivunjia barafu kisimani bila kuombwa.
Wewe nitakusomea kama lilivyo:

Deni la mtama, pishi kumi na mbili,
kutoka ghala la serikali.
Halijalipwa.

Unacheka. Unacheka umejishika ubavu uliovilia damu,
machozi yanakutoka, unanisihi nisikuchekeshe,
nami sijasema neno lingine.
"Dawa ya deni ni kulipa," unasema ukipata pumzi.
"Sasa hili alipe nani?"

Nainua karatasi kwenye mwanga nikusomee jina.
Palipokuwa na jina
pana tundu, kubwa kama punje ya mtama,
na mwanga wa taa unapenya humo,
unatua kwenye kidole changu chenye gundi.