Herufi Moja Yenye Kistari

Saa nane usiku, Chiatura. Theluji imeziba dirisha la chumba cha mitambo
na gari la waya limening'inia katikati ya bonde, tupu,
kama ndoo iliyosahauliwa kisimani.
Nimetumwa kubadili namba moja tu:
breki ishike sekunde mbili mapema,
kwa sababu Bi Eteri aliteguka kifundo cha mguu juzi
akishuka na gunia lake la unga wa mahindi.

Namba moja. Nikaiandika, nikaita asembla.
Asembla ikafa.

Haikulalamika, na hilo ndilo lililoniudhi.
Mwenye kulalamika hukuachia pa kushika:
mstari wa sabini, koma imepotea, rekebisha, dada.
Hii ilianguka kifudifudi,
ikaacha maneno matatu, hitilafu ya kumbukumbu,
kama mlevi anayetaja mtaa asitaje nyumba.

Nikairudisha namba ya zamani. Ikafa.
Basi si mimi, nikasema, nikajisikia mwepesi
kwa muda wa kumeza funda moja la chai.
Kisha nikakumbuka: Jumanne Badri alisakinisha toleo jipya.
Nikamlaani Badri. Badri kalala.
Nikaishuku mashine, nikaipima; nzima.
Nikalikata faili mapande mawili: la juu likapita,
la chini likapita,
nikayaunganisha, kifo.
Nikakata manne, nikakata manane,
kama mtu anayewagawia mkate wageni asiowapenda;
kila tonge liliteremka salama
na mkate mzima ukakaba koo.

Kufikia saa kumi nilikuwa karibu kuamini uchawi.

Kilichoniokoa si akili. Niseme kweli:
ni uvivu.
Vidole vimekufa ganzi, jiko la kuni limezimika,
sikutaka tena kulifungua lile faili la amri aliloturithisha Nukri.
Nikauandika mstari mwenyewe, kwa kichwa:
jina la asembla, jina la faili, basi.
Ikapita.

Nikakaa nikiitazama
kama mlango uliofunguka bila kusukumwa.

Ndipo nikauleta mstari wa Nukri, nikaulaza juu ya wangu
kama fundi cherehani anayelinganisha mikono ya shati.
Wake ulizidi kistari na herufi: -g.
Nikaiweka, ikafa. Nikaitoa, ikaishi.
Mara tatu, maana mara moja ni bahati
na mara mbili ni tamaa.

-g. Herufi inayoiambia asembla: kumbuka.
Kumbuka kila mstari ulikotoka,
ili kesho tukipotea tuijue njia.
Jedwali letu la mwendo lina mistari elfu nne;
toleo jipya lilijaribu kuibeba yote
likapasuka kichwa.
Taa tuliyoiwasha kumtafuta mwizi
ndiyo iliyounguza nyumba.

Alfajiri nikampigia Nukri. Amestaafu, yuko Rustavi kwa binti yake.
"Ile g," nikamwambia.
Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya glasi.
"Niliiweka kwa usiku mmoja tu," akasema,
"mwaka ule gari lilipokwama na watu saba ndani.
Nilikuwa natafuta kosa langu."
"Ulilipata?"
"Sikulipata. Ndiyo maana sikuiondoa."

Hatukusema mengi baada ya hapo.

Nikaiondoa mimi. Juu ya mstari nikaandika:
iliwekwa na Nukri, alikuwa na sababu;
imetolewa na Tsiala, naye anayo;
ukiihitaji, ligawe jedwali kwanza.

Saa mbili gari likateremka. Breki ikashika mapema, taratibu.
Bi Eteri akashuka, mguu mzima kwanza, gunia begani,
akainua macho kwenye dirisha langu
na kunung'unika kwamba siku hizi
kitu hiki kinakwenda polepole mno.