Tumbo Joto

Kamera ilishuka kooni mwangu kama mgeni asiyebisha hodi,
ikazunguka, ikapiga picha, ikatoka.
Daktari wa Al-Khuwair akanitandazia tumbo langu mezani:
kurasa mbili za rangi, waridi tupu, hata doa hamna.
"Huna kitu," akasema.
Nikalipa riali sabini na tano kuambiwa sina kitu.

Na bado linawaka.
Linawaka kuanzia tarehe ishirini, hesabu za mwezi zikikaribia kufungwa.
Linawaka simu ikiandika jina la Muhanna.
Saa tisa za usiku, Mabela yote imelala,
tuko macho watatu: mimi, tumbo, na kiyoyozi.

Mama aliniletea kombe,
zafarani na maji ya waridi, aya zilizooshwa katika sahani nyeupe.
Nikanywa kwa adabu.
Shangazi akataja kijicho, akataka kutaja na mwenye jicho,
nikamwomba asitaje majina.
Mfamasia akanipa vidonge, kimoja kabla ya kula.
Nimekunywa vyote. Tumbo langu halikatai kitu,
na huo ndio ugonjwa wake.

Daktari Raiya ana chumba Azaiba, juu ya duka la miwani.
Nilidhani ataning'iniza saa ya mnyororo
mpaka niwike kama jogoo.
Alinipa kiti, na shali ya miguu,
akaniomba radhi kwa pampu ya maji inayonguruma ukutani.
"Hutalala," alisema kwa Kiarabu. "Utasikia kila kitu.
Ukichoka, mlango ule pale."
Akaanza: ashara, tisaa, thamania...
Nami nikafuata nyuma, najumlisha.
Kwa Kiarabu mimi ni mkaguzi wa hesabu,
namba haipiti mbele yangu bila kuulizwa stakabadhi.

Akanyamaza. Akauliza nyumbani tunahesabu kwa nini.
Nikamwambia. Akacheka: kumbe bibi yake kazaliwa Wete.

Kumi. Ngazi za falaji, mawe yamelowa.
Tisa. Vua viatu, viache hapohapo, haviibiwi.
Nane. Yateremshe mabega, nani kakutwika?
Saba. Maji unayasikia, huyaoni bado.
Sita...
Sita sikuisikia.

"Sasa litazame tumbo lako," ilisema sauti. "Kuna nini?"

Jiko la gesi.
La macho manne, na jicho la nyuma linawaka,
linawaka bure, halina sufuria.

"Nani kaliwasha?"

Mkono wangu. Na kalamu ya benki,
siku nilipomdhamini Muhanna riali elfu kumi na mbili.
Akaniuliza, dada, una hakika?
Nikasema haina neno.
Haina neno, ndugu ni ndugu, haina neno.
Na neno lilikuwapo.
Nililimeza.

"Usilizime," akasema. "Moto ni wako, utauhitaji.
Punguza tu."

Nikapinda gumba na kidole cha shahada, nikazungusha.
Moto ukanywea, ukawa buluu,
ukawa mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

Aliponirudisha kwenye moja, machozi yamenijaa masikioni.
Pampu ilikuwa ileile. Kumbe haikuwahi kunyamaza.

Sijapona.
Tarehe ishirini na tatu ilinikuta ofisini Ruwi, nimejikunja,
mkono chini ya meza unazungusha kitu kisichokuwapo.
Mwenzangu akadhani nasabihi.
Ila nimeanza kushangaa:
wazee wetu walisema tumbo joto, wakasema kila siku,
nami nikaenda kununua kamera.

Muhanna alipiga Alhamisi. Niliiacha ilie mara tatu.
"Dada," akasema, "kuna mradi mwingine, mdogo tu..."
Gumba, kidole.

"Kuna neno, Muhanna."

Akanyamaza kitambo. Upande wake nilisikia mwanawe
anataka kufunguliwa mtindi, anaita, baba, baba,
na hakuna anayemfungulia.